Pita, Hakuna Kitu

"Pita, hakuna kitu," alisema Mansuri, macho yake yakiwa ndani ya simu.

Melkiades akapita. Kitu kilikuwepo. Alikuwepo Nestori wa Minago juu ya baiskeli yake, madumu mawili ya mawese yamefungwa nyuma, anakuja zake upande wake kwa haki yake yote. Aliona Probox nyeupe ikichomoka nyuma ya kamyo la mizigo na kumjia usoni, akafanya alichoweza: akajirusha mferejini. Baiskeli ikabaki barabarani, gari likaipanda, madumu yakapasuka, na mkono wa kulia wa Nestori ukavunjika juu ya jiwe.

Watu wa Minago walifika upesi, tuseme ukweli. Watatu walikwenda kumwinua Nestori. Kumi na watano walikwenda na vikombe, sufuria na kofia kukinga mawese kabla hayajaingia ardhini.

Kwa asiyejua barabara yetu hii ya ziwani, kutoka Rumonge kwenda Bujumbura, nieleze mara moja tu. Burundi tunapita kulia. Lakini magari mengi tunayoyaendesha yana usukani huo huo upande wa kulia, maana yalitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopita kushoto. Kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya kamyo haoni kitu mbele yake ila matako ya kamyo. Anayeona ni mtu aliyekaa mbele, kiti cha kushoto. Yeye ndiye huinama dirishani, huchungulia, husema "bado" au "pita, hakuna kitu". Desturi hii haikuandikwa popote na haifundishwi na mtu, lakini hata bibi wa Bugarama mwenye kuku mapajani anaijua, tena huifanya kwa jasho. Wanaoiharibu ni wakubwa. Mkubwa hukaa kiti kile kwa kuwa ni kiti cha heshima, halafu anajisahaulisha kwamba ni kiti cha kazi.

Mansuri alikuwa mkubwa. Alikuwa na Probox tatu, duka la saruji na misumari mjini Rumonge, na simu mpya ambayo hajaishiba. Melkiades alikuwa shofere wake mwaka wa nne.

Polisi alipofika, Afande Seth, mtu mnene mwenye daftari jembamba, Mansuri alishuka garini, akajikung'uta suruali isiyo na vumbi, akasema kabla hajaulizwa.

"Afande, amahoro. Huyu shofere iko mutu ya Tanzania. Kule banapita kushoto. Mukono yake inajikumbuka kushoto. Mimi nimemuonya mara ngapi!"

"Kushoto?" Melkiades alisema. "Afande, ukitaka kulipita kamyo hapa unapita kushoto. Hata wewe unapita kushoto. Mimi ningepitia wapi, chini ya kamyo? Nilimwuliza patro, tajiri wangu, akaniambia pita."

"Mimi nikwambie pita? Mimi iko patro ama iko konvuayeri wako wa kuita abiria?"

Watu wakacheka. Mzaha wowote wa mwenye gari huchekesha watu, hata usipokuwa mzaha.

Basi hapo ndipo mdomo wa Melkiades mwenyewe ulipomfunga kamba. Kwa maana Melkiades, Mungu amsamehe, alikuwa na tabia moja mbaya. Alizaliwa kambini Tanzania, akajifunza gari Kigoma, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, na tangu siku aliyovuka mpaka hakuacha kuwatangazia abiria jinsi kule watu wanavyoendesha. Kule dereva anasimamia bata avuke. Kule honi si salamu. Kule mtu akikata kona bila kuwasha taa anazomewa na watoto wa shule. "Sisi kule tunapita kushoto, tena kwa adabu. Nyie huku mnapita kulia kama mmefukuzwa." Abiria walikuwa wanavumilia kwa kuwa gari halikuwa lao. Walikuwa wanaweka tu moyoni.

"Kweli," alisema mwanamke mmoja mwenye sufuria la mawese. "Huyu hata mwezi uliopita alitwambia yeye ni wa kushoto."

"Alinitukana na mimi," akadakia mwingine. "Alisema Barundi hatujui volan, usukani unatushinda. Wewe unajua? Angalia sasa!"

Nestori alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji, uso umemwiva kwa maumivu, mkono ameushika kama mtoto mchanga. Ni yeye peke yake aliyesema kitu cha maana siku ile.

"Afande, mimi nimeona. Huyu muzee alikuwa anaangalia telefone. Kichwa yake ilikuwa chini hivi. Shofere aliangalia kwake, yeye akafanya mukono hivi, pita."

Afande Seth alimtazama, akaitazama baiskeli iliyokunjamana, akafunga daftari. "Wewe nenda hospitali. Mutu ya baiskeli hasomi mambo ya motokari."

Kisha akanyoosha kiganja kwa Melkiades. "Permi."

Permi ni leseni ya udereva, na ile ya Melkiades ilikuwa imemchukua miezi kumi na minne ya kwenda na kurudi, maana ya Tanzania haikutosha. Aliitoa mfuko wa shati, upande wa moyo. Seth akaitia mfuko wake bila kuitazama.

.

Mke wa Melkiades, Clotilda, alipata habari kabla mume wake hajafika nyumbani Gatete. Habari ya aibu haihitaji gari. Aliporudi kutoka shule alimkuta jirani yao Scovia amekwisha kaa kwenye kigoda, amevaa uso wa msiba na anachambua maharage ambayo si yake.

"Pole, mama Eliana. Lakini nyie Batanzania muna kiburi kidogo, na mimi nakwambia ju ya mapendo."

"Asante, Scovia."

"Mume wangu alisema zamani: yule jirani siku moja atasahau iko inchi gani."

"Mume wako anaendesha nini?"

Mume wa Scovia hakuwahi kuendesha hata toroli. Scovia akainama kwenye maharage.

Melkiades alifika kwa miguu, viatu mkononi. Alipokaa tu, alianza kueleza, naye alieleza vizuri, neno kwa neno, kamyo lilikuwa wapi, yeye aliuliza nini, Mansuri alijibu nini. Clotilda alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya kanisa, na alikuwa amezoea kusikia visa virefu kutoka kwa watu waliokosa.

"Sasa wanataka nini?" akauliza.

"Nisaini karatasi. Kwamba nilikwenda kushoto kwa mazoea ya Tanzania. Nikisaini, permi inakaa burau ya polisi mwaka mmoja, na mimi ndiye wa kumtibu Nestori. Nisiposaini, faili inapanda juu, na permi ndiyo imekwenda hivyo. Mpaka Ijumaa."

"Na gari?"

"Patro anasema mwaka huo nitakuwa naliosha."

Mshahara wa mwalimu wa shule ya kanisa wanaujua wanaoupokea. Kila walichokuwa nacho mle ndani, godoro, bati sita za mbele, sare ya mtoto wao Eliana, kilikuwa kimetoka katika kile kipande cha karatasi kilicholala sasa mfukoni mwa Seth. Bila permi Melkiades alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja asiyejua kulima, katika kijiji cha wakulima.

"Wewe ulichungulia?" aliuliza Clotilda.

"Nichungulie vipi? Usukani uko kulia! Hiyo ni kazi ya wa kushoto. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua," alisema Clotilda, "na hakuna aliyesema."

"Nestori alisema."

"Basi mshukuru Mungu kwa Nestori."

"Sitasaini, Clotilda. Nikisaini hiyo, nimekiri kwamba mimi ni mpumbavu tangu kuzaliwa."

"Usisaini," alisema. "Lakini na wewe, kuanzia leo, mambo ya bata wa Kigoma uyaache."

.

Siku ya pili Clotilda alipanda baiskeli ya abiria mpaka mjini kumwona Mansuri. Hakumwambia mumewe. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akachukua papai mbili, maana mtu haendi kuomba mikono mitupu.

Mansuri alikuwa barazani kwake anakunywa chai. Alimwona akiingia getini, akaendelea kunywa. Clotilda alisimama juani hatua nne kutoka ngazi, papai mkononi, akasalimia mara mbili.

"Ndiyo, mama," Mansuri alisema hatimaye. "Weka papai pale."

Mkewe, Mwamini, mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi, alitoka ndani na kigoda. "Mwache akae, Baba Hamidu. Mutu amesimama juani."

"Haikawii, atasimama. Mama, iko nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya baba watoto, patro. Naomba umsaidie. Useme tu vile ilivyokuwa."

"Vile ilivyokuwa nimesema. Sikiliza, mama, nikufundishe. Kila inchi iko na mwendo yake. Bakongo banaendesha na honi. Hata breki hawana, honi iko. Batanzania banaendesha na mudomo: sheria, sheria, sheria. Bujumbura banaendesha na hasira. Sisi hapa Rumonge tunaendesha na akili. Mume wako alikuja na ya kwao, hakutaka kuacha. Sasa akili imemushinda."

"Lakini alikuuliza, ukamwambia pita."

Mansuri aliweka kikombe chini polepole. Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamchoma, si mkono wa Nestori wala baiskeli. Kukubali kwamba alisema pita ni kukubali kwamba alikuwa kazini, kwamba shofere wake alimtuma kuchungulia na yeye akaifanya vibaya. "Mama. Mimi niinamishe kichwa dirishani kwa ajili ya shofere? Kama kijana wa kuita abiria? Mutu na heshima yake?"

Mwamini akacheka, akaweka kigoda chini kwa kishindo. "Wee bwana! Wewe husema hakuna kitu bila kuangalia hata humu ndani. Juzi nimekuuliza choo iko na mutu, ukanijibu hakuna mutu, pita. Nikafungua mulango, kumbe shemeji yangu Ramazani yuko ndani! Mpaka leo hatusalimiani!"

"Mwamini!"

"Nasema uongo?"

"Ingia ndani!"

Mwamini aliingia ndani, lakini cheko lake halikuingia naye, lilibaki pale barazani kati yao. Mansuri alitia mkono kwenye meza, akachukua mkate uliobaki wa asubuhi, ule wenye alama ya meno upande mmoja, akaufunga kwenye gazeti.

"Chukua, peleka kwa batoto. Na umwambie baba yao, Ijumaa asaini."

Clotilda aliutazama ule mkate. Angependa kuurudisha, na msomaji naye angependa aurudishe. Aliuchukua. Fahari haipikwi jioni. Nje ya geti alikata ile sehemu yenye meno, akaitupa, mkate uliobaki akaupeleka nyumbani.

.

Ijumaa, burau ya Afande Seth ilijaa. Seth alikuwa nyuma ya meza, Mansuri juu ya kiti, Nestori juu ya benchi na mkono ndani ya bandeji nzito, Melkiades amesimama. Karatasi ilikuwa tayari, imepigwa muhuri kabla haijasainiwa.

"Sisaini," alisema Melkiades.

"Basi kazi imeongezeka," alisema Seth kwa huzuni ya kweli, kwa maana hakupenda kazi. "Faili ikipanda juu bila kroki, mchoro wa ajali, banairudisha. Itabidi turudi pale pale, mufanye tena vile mulifanya, nichore. Twende."

"Na gari gani?" aliuliza Melkiades.

"Ile ile. Wewe endesha."

"Sina permi, afande. Iko kwako."

"Mimi ndiyo polisi. Nimekwambia endesha."

Wakapanda. Melkiades kwenye usukani, Mansuri kiti cha kushoto, Seth na Nestori nyuma. Mawingu yalikuwa yamekaa chini juu ya ziwa, upande wa Kongo haukuonekana kabisa. Mansuri hakutaka kuzungumza. Alitoa simu, akawa anamwandikia mteja mambo ya saruji.

Kabla ya Minago walilikuta kamyo, limebeba ndizi, linajikokota. Si lile la siku ile, lakini makamyo kwa nyuma yote ni mamoja. Seth alitoa daftari. "Haya. Mufanye kama siku ile. Polepole."

Melkiades alisogea mpaka karibu, akaona ndizi na bamba la namba. Akauliza kama alivyouliza siku ile, kama anavyouliza shofere yeyote wa barabara hii mara hamsini kwa siku.

"Patro, iko aje huko?"

Kidole gumba cha Mansuri kilikuwa kinaandika. "Pita, hakuna kitu," alisema.

Melkiades hakupita. Alishika usukani wake kwa mikono miwili, akabaki pale pale. Mara basi dogo la abiria likapita upande wa pili, mbio, honi tangu mbali, upepo wake ukaitikisa Probox nzima.

Seth alikuwa amejikunja nyuma ya kiti, daftari kifuani. Nestori ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu ambaye kucheka kunamuumiza mkono.

"Umeona, afande?" alisema. "Ndiyo hivyo. Hivyo hivyo."

Mansuri aliinua macho. "Nini? Nini iko?"

.

Melkiades aliegesha pembeni, penye michikichi, akazima gari. Akachomoa ufunguo, akageuka, akauweka mkononi mwa Seth. Matone makubwa ya kwanza yalianza kupiga bati.

"Hapa nimefika, afande. Nimekumbuka kwamba sina permi."

"Wacha mchezo. Turudi, mvua inakuja."

"Niandikie amri kwamba umeniambia niendeshe bila permi, weka na muhuri, nitaendesha mpaka Bujumbura."

Seth akaugeuza ufunguo mkononi. Mtu huyu aliandika kila kitu maishani mwake isipokuwa amri zake.

"Basi wewe endesha," Melkiades alimwambia.

"Mimi? Mimi iko polisi wa barabara. Nani amekwambia najua kuendesha?"

"Leta ufunguo," alisema Mansuri.

Aliitoa permi yake kwenye pochi, ndani ya plastiki, safi, haijakunjwa tangu itoke. Rumonge nzima ilijua Mansuri ana permi, na Rumonge nzima haikuwahi kumwona ameshika usukani. Lakini ni miaka ishirini amekaa mbele anawaambia mashofere walivyokosea, na mtu akisema jambo miaka ishirini huanza kuliamini. Akazunguka upande wa kulia, akajipachika. Seth akaja mbele, kiti cha kushoto. Nestori akafungua mlango upesi, akashuka, akaenda kusimama mvuani kando ya Melkiades.

"Wewe hupandi?" aliuliza Melkiades.

"Mukono moja inatosha," alisema Nestori.

Probox ilinguruma, ikaruka mara tatu, ikapanda lami kutafuta pa kugeuzia. Ikaivuka lami yote. Ikaendelea kushoto, kushoto kabisa, ikatulia huko kama ndiko kwao, na ikashika mwendo. Yule aliyesema mkono wa Mtanzania unajikumbuka kushoto, mkono wake mwenyewe ulikwenda kushoto bila kumbukumbu yoyote. Walimsikia Seth anapiga kelele, "Kuume! Muzee, kuume!" Pikipiki iliyokuwa inakuja ikachepuka kwa neema ya Mungu. Mansuri akazungusha usukani, akauzungusha mno, na gari likavuka tena barabara na kuingia mferejini kwa pua, likabaki matako juu.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa paji la uso la Mansuri, lililopata nundu ya ukubwa wa limau. Watu wa kamyo la mchanga walisimama, wakalivuta gari kwa kamba, wakaondoka wakiwa wameshika mbavu kwa kicheko. Mvua ikawa inapiga sasa kwa nguvu zote. Wanne hao walijibanza chini ya mlango wa nyuma wa Probox, ulioinuliwa juu, Seth akiwa na daftari kwenye paja.

Aliwaza. Alikuwa na sababu ya kuwaza. Akiandika ukweli wa Jumanne, siku ya ajali, itabidi aeleze aliupata wapi. Akieleza aliupata wapi, itabidi aeleze nani aliendesha kuja, na nani aliendesha kuingia mferejini, na yeye polisi alikuwa amekaa kiti gani.

"Siku ile," alisema, "hakukuwa na mbuzi?"

Wote watatu wakamtazama.

"Mbuzi anavuka. Shofere anamukwepa, anaenda kushoto. Barabara hii iko na mbuzi nyingi sana."

"Alikuwepo," alisema Mansuri haraka, mkono kwenye nundu. "Mweusi."

"Hakukuwa na mbuzi," alisema Nestori.

"Wewe ulikuwa mferejini, ungeona wapi?"

"Niliingia mferejini ju ya kukimbia gari, afande, haikuwa ju ya mbuzi! Na mukono yangu nani anatibu? Na baiskeli? Mbuzi ya nani?"

"Mwenyewe hajulikani," alisema Seth, akiandika. "Na leo hatukukuja hapa, kila mutu amesikia? Patro iko salama, shofere iko salama. Hakuna mwenye kosa." Akatia mkono mfukoni, akatoa permi ya Melkiades, akaiweka juu ya daftari, kando ya kalamu. "Saini, uchukue yako, turudi. Mutu anaendesha na permi yake."

Nitasema alivyokuwa Melkiades wakati ule, maana watu wa Gatete bado wanabishana. Hakudanganyika. Alijua vizuri kabisa. Alimtazama Nestori, akaona bandeji imelowa na inatiririka maji ya rangi ya udongo. Akajua kwamba kati ya watu wote wa barabara hii ni huyu mmoja tu aliyesema kweli yake, tena akiwa na mfupa nje ya mahali pake. Akaitazama permi. Picha yake mwenyewe ilikuwa inamwangalia, imenyoa vizuri. Akawaza sare ya Eliana. Akawaza jembe.

Akasaini. Aliandika jina lote, Melkiades, kwa mwandiko mzuri wa shule za kambini.

Nestori alikataa mpaka Seth alipomweleza kwamba asipoweka alama atarudi hospitali bila karatasi, na bila karatasi hospitali itamwuliza alipigana na nani. Kidole gumba cha kulia kilikuwa ndani ya bandeji. Seth akashika cha kushoto, akakipaka wino wa kalamu, akakigandamiza chini ya neno mbuzi.

"Ndugu," Nestori alimwambia Melkiades, naye hakuinua sauti, "mimi bila kuulizwa nilisema kweli yako."

Melkiades alikuwa anaifuta permi kwa shati lake kavu la ndani. "Panda nikufikishe."

"Hapa ni kwetu," alisema Nestori. Akaingia michikichini, mkono mmoja umeushika mwingine, na mvua ikamfunika.

.

Jioni Gatete kulikuwa na shangwe. Scovia alipiga vigelegele, akasema yeye tangu mwanzo alijua. Watu walipita kuishika permi, kila mmoja akaigeuza mbele na nyuma. Mansuri alikuwa amemrudishia shofere wake ufunguo bila maneno, maana hakuwa na mwingine wa kumpa. Jumatatu asubuhi kazini kama kawaida.

Clotilda alimwekea mumewe chakula, akasubiri wageni waondoke.

"Kwa hiyo wameandika ukweli," alisema.

"Wameandika kwamba mimi sina kosa."

"Nani analo?"

Melkiades alikata tonge, akalichovya, hakulipeleka mdomoni. "Mbuzi."

Clotilda alicheka, kweli alicheka, mpaka akashika meza. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki wala hainui uso, akaacha.

"Na Nestori ameweka alama?"

"Ameweka."

"Na wewe umesaini kabla yake au baada yake?"

"Clotilda, ulitaka nifanye nini? Hapa ndivyo mambo yanavyokwenda. Kule Tanzania labda ningeweza..."

"Kule uache," alisema. "Miaka yote hii ulikuwa unatuambia wewe si kama hawa. Hawapendi kuona, wewe unaona. Wanasema hakuna kitu, wewe unasema kipo. Mimi nilikuwa nachoka kukusikia, lakini nilikuwa naamini. Nilifikiri tulirudi wote siku moja tulipovuka mpaka. Kumbe mimi nilitangulia, wewe umefika leo."

Alimwondolea sahani, akaifunika. Akachukua kanga yake iliyokuwa imetundikwa mlangoni, akaikunja, akaiweka juu ya meza pamoja na sahani ndogo ya maharage mabichi ya kesho.

"Nyumba yake iko upande gani pale Minago? Juu ya barabara au chini?"

"Ya nani?"

"Ya Nestori. Kesho asubuhi nakwenda kumwomba radhi. Lazima mtu aende, mbuzi hawezi."

Melkiades alitazama mikono yake.

"Sijui," alisema. "Sikumwuliza."